Kusafisha kumbukumbu za sataranji si kuzipamba

Wahenga wetu walinena ya kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Kwa miaka mingi niliichukua methali hiyo kuwa wosia wa wenye maduka, watu wanaokopesha unga na sukari na ambao wasipoandika hufilisika. Sikudhani hata siku moja kwamba ingenihusu mimi, mwalimu wa shule ya upili katika mji wa Isiolo, tena si kwa jambo la fedha wala la mifugo, bali kwa jambo la mchezo wa sataranji, ambao vijana wetu huuita chesi.

Leo nataka kuwaeleza walimu wenzangu na wanafunzi kisa kilichonifika, kisha niseme nionavyo kuhusu kazi moja ambayo wengi wetu huidharau, yaani kazi ya kutunza na kusafisha kumbukumbu za mapambano yanayochezwa shuleni. Kisa chenyewe kinanitia aibu. Lakini heri aibu ya kusema kuliko hasara ya kunyamaza.

Katika shule ninakofundisha kuna chama cha sataranji kinachokutana kila Ijumaa alasiri. Wanafunzi huketi wawili wawili, vibao vikiwa juu ya madawati, na kila mchezaji huwa na karatasi ambamo huandika hatua zake na za mwenzake. Pambano likimalizika, karatasi huletwa kwangu, nami au mwanafunzi mmojawapo huziingiza hatua hizo katika kompyuta. Mwisho wa muhula kompyuta hutoa orodha ya ushindi wa kila mchezaji, na kutokana na orodha hiyo huteuliwa watano wa kuiwakilisha shule katika mashindano.

Muhula mmoja nilibandika orodha hiyo ukutani, nikaenda zangu nikiwa na moyo mweupe. Siku iliyofuata msichana mmoja wa kidato cha pili alinijia nje ya chumba cha walimu, daftari la mazoezi mkononi. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alisema tu, "Samahani, Mwalimu. Orodha inasema nimeshinda mapambano matano. Mimi nimeshinda 13."

Nilimjibu kama tunavyojibu walimu wengi tunapokuwa na haraka, kwamba kompyuta haisemi uongo. Akanifungulia daftari lake. Humo alikuwa amenakili kila pambano lake la muhula ule, hatua kwa hatua, pamoja na tarehe na jina la mpinzani. Ndipo nilipoketi, nikaifungua kompyuta na kuanza kutafuta.

Nilimkuta si mara moja bali mara tatu. Katika ukurasa mmoja aliandikwa kwa jina lake na la babaye, akiwa na ushindi 5. Katika mwingine aliandikwa kwa jina lake na la babu yake, akiwa na ushindi 6. Katika wa tatu jina lake lenyewe lilikuwa limekosewa herufi moja, na hapo alikuwa na ushindi 3. Kompyuta ilikuwa imemgawa binti mmoja kuwa wasichana watatu dhaifu, na kila mmoja wa hao watatu alikuwa ameachwa nje ya timu. Aliyeshika nafasi ya tano katika orodha yangu alikuwa na ushindi 10.

Nilipojumlisha, nikapata 14, yaani mmoja zaidi ya ule aliodai mwenyewe. Nitarudi kwenye pambano hilo la kumi na nne baadaye. Kwa wakati ule lililoniuma ni hili, kwamba majina ya timu yalikuwa yamekwisha kupelekwa kwa waandalizi na mlango ulikuwa umefungwa. Msichana yule hakwenda. Kompyuta haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu mimi niliyeilisha uchafu kisha nikaiamini kana kwamba nilikuwa nimeilisha nafaka iliyopepetwa.

Kabla sijaendelea, ni vyema nimweleze msomaji asiyeujua mchezo huu jinsi kumbukumbu zake zinavyoandikwa. Kibao cha sataranji kina vyumba 64. Kila safu ya kwenda juu hupewa herufi kuanzia a hadi h, na kila safu ya kukatiza hupewa nambari kuanzia 1 hadi 8. Kwa hiyo kila chumba kina jina lake, kama vile e4 au f3, na kila hatua yaweza kuandikwa kwa herufi na tarakimu chache. Karatasi moja yatosha kubeba pambano la saa nne, na mtu ambaye hajazaliwa bado ataweza kulirudia miaka 100 baadaye kana kwamba alikuwapo.

Hiyo ni neema kubwa, na thamani yake huonekana tukilinganisha na mchezo wetu wenyewe wa bao. Mabingwa wa bao wa Unguja walisifika kwa akili iliyomshangaza hata mtafiti Alexander de Voogt, ambaye mwaka 1995 alitoa kitabu kizima kuhusu ubingwa wao. Lakini mapambano mangapi ya wazee hao yamebaki? Mengi yalikwenda nao kaburini, maana hapakuwa na desturi ya kuyaandika. Sataranji, ambayo hata jina lake tulilipokea kwa njia ya Kiarabu, imebahatika kuwa na waandishi tangu zamani. Mabingwa wa Baghdad wa karne ya 9 na ya 10, kama al-Adli na as-Suli, waliandika vitabu kuhusu mchezo huo, na baadhi ya mafumbo yao yangali yanajulikana hadi leo.

Katika zama zetu kompyuta imechukua nafasi ya kitabu. Mwaka 1993 Mmarekani aitwaye Steven Edwards alibuni mtindo wa kuandika mapambano ambao mtu aweza kuusoma kwa macho na kompyuta ikausoma pia. Mtindo huo hujulikana kwa herufi PGN. Kila pambano hutanguliwa na mambo saba, nayo ni jina la shindano, mahali, tarehe, raundi, aliyecheza kete nyeupe, aliyecheza kete nyeusi, na matokeo. Kisha hufuata hatua zenyewe. Mwaka uliofuata, Septemba 1994, Mwingereza Mark Crowther alianza kukusanya mapambano ya dunia kila wiki na kuyatoa kwa yeyote anayeyataka. Siku hizi hazina za namna hiyo zina mamilioni ya mapambano, na zile za michezo ya mtandaoni zina mabilioni.

Faida yake si ndogo. Mwaka 1985 Garry Kasparov alipambana kwa wakati mmoja na wachezaji wanane wa timu ya Hamburg, Ujerumani, akashindwa. Mwaka 1987 alirudi kukabiliana na timu ya mji huo, lakini safari hii alikuwa amejiandaa kwa kupekua mapambano ya wapinzani wake katika programu ya ChessBase, iliyokuwa mpya wakati huo. Alishinda kwa alama 7 dhidi ya 1. Kasparov alikuwa ni yule yule. Safari hii alikuwa na kumbukumbu zilizopangwa.

Naam, nilipozipakua baadhi ya hazina hizo kubwa nilitafuta ndani yake pambano moja tu lililochezwa Isiolo. Sikuliona. Wala sikushangaa, maana nani angeliandika kama si sisi? Ya vijana wetu tutayaandika wenyewe, au yatapotea kama vumbi linavyopotea barabarani upepo wa Julai uvumapo.

Basi likizo iliyofuata nilikaa na kumbukumbu zetu zote, mapambano ya miaka kadhaa, nikaanza kuzisafisha. Sikuwa na mtambo wa gharama. Nilitumia programu ya bure iitwayo Scid, iliyoanzishwa na Shane Hudson, ambayo hufanya kazi hata katika kompyuta kuukuu. Niliyoyakuta humo ndiyo ninayotaka walimu wenzangu wayasikie, kwa sababu naamini yamo pia katika kumbukumbu zao.

La kwanza na lililo kubwa ni majina. Programu nyingi za sataranji zilitungwa na watu wa nchi ambazo kila mtu ana jina la ukoo na jina lake mwenyewe, na kwa hiyo hudai kwamba jina la ukoo litangulie. Hapa kwetu Isiolo mambo si hivyo. Mborana au Msomali hana jina la ukoo la namna hiyo. Ana jina lake, kisha la babaye, kisha la babu yake. Tuchukue mfano wa kubuni wa Halima Guyo Boru. Halima ndiye yeye, Guyo ni baba, Boru ni babu. Mwanafunzi mmoja ataandika "Boru, Halima". Wa pili ataandika "Guyo, Halima". Wa tatu, akiwa na haraka ya kwenda kula, ataandika "Halima G." Kwa jicho la kompyuta hao ni watu watatu, na ndivyo binti yule alivyopotea.

Ukiona hivyo utashawishika kuiachia programu iunganishe majina yanayofanana. Nilijaribu, na nusura nitende dhuluma kubwa kuliko ile ya kwanza. Programu iliniambia kwamba Mohamed na Mohamud ni jina moja lililokosewa, ilhali kila mkazi wa Isiolo anajua kwamba hayo ni majina mawili. Iliniambia pia kwamba Ekiru na Akiru ni mtu mmoja. Lakini kwa Waturkana, Ekiru ni mvulana na Akiru ni msichana, na herufi hiyo moja ya mwanzo ndiyo inayowatenganisha. Ningeikubalia, ningekuwa nimeyachukua mapambano ya msichana na kumpa mvulana aliyeketi dawati la nyuma yake.

Hapo nilijifunza kwamba kuna makosa mawili yaliyo ndugu. Moja ni kumgawa mtu mmoja kuwa wengi, na lingine ni kuwaunganisha watu wengi kuwa mmoja. Kompyuta yaweza kukuonyesha mahali pa kutilia shaka, lakini haiwezi kukata shauri. Anayejua jina ni mwenye jina. Kwa hiyo shule ilipofunguliwa niliwaita wanafunzi mmoja mmoja, nikamwuliza kila mmoja, "Jina lako waliandikaje wewe mwenyewe ukipewa kalamu?" Kisha nikampa kila mchezaji nambari yake ya pekee, isiyobadilika hata jina likiandikwa vingine. Si ugunduzi wangu huo. Shirikisho la sataranji duniani, FIDE, humpa kila mchezaji aliyesajiliwa nambari yake, kwa kuwa hata majina ya mabingwa yamekuwa yakiandikwa kwa namna nyingi. Jina la Viktor Korchnoi peke yake laonekana katika vitabu vya Ulaya kwa tahajia kadhaa, kutegemea mwandishi alikuwa Mwingereza au Mjerumani.

La pili ni tarehe. Sisi huandika siku, mwezi, kisha mwaka, lakini mtindo wa PGN hutaka mwaka, mwezi, kisha siku. Mwanafunzi anayenakili 3/4 hajui daima kama ni tarehe 3 Aprili au tarehe 4 Machi ilimradi nafasi imejazwa. Nilikuta mapambano yaliyochezwa, kwa mujibu wa kompyuta, katikati ya likizo ya Desemba wakati hapakuwa na mtu shuleni isipokuwa mlinzi. Mahali nilipoweza kuthibitisha kwa karatasi ya asili nilirekebisha. Mahali nisipoweza, niliweka alama ya kuuliza. Nimeipenda sana kanuni hiyo ya PGN, kwamba usipojua tarehe unaweka alama za kuuliza badala ya kubuni. Laiti sote tungekuwa na ujasiri wa kuandika alama ya kuuliza mahali tusipojua!

La tatu ni hatua zenyewe. Wengi wa wanafunzi wetu huandika kwa herufi za Kiingereza, ambamo K ni mfalme na N ni farasi. Mwanafunzi mgeni, akilisikia jina la farasi kwa Kiingereza likianza kuandikwa kwa K, huandika K pia. Kompyuta huona mfalme akiruka juu ya vichwa vya askari wake na kwenda f3, nayo hukataa. Aidha, kuna hatua ambayo mfalme na ngome hupishana kwa pamoja. Sheria za FIDE huiandika kwa sifuri, ilhali PGN huiandika kwa herufi O. Macho ya binadamu hayaoni tofauti, lakini programu nyingine huona na kusimama pale pale. Kadhalika mwandiko wa haraka hufanya b ifanane na 6, na h ifanane na n.

Dawa ya makosa haya ni moja tu, nayo ni ya kizamani: kuchukua kibao, kupanga kete, na kulirudia pambano kwa mkono. Mara nyingi hatua sahihi hujionyesha yenyewe, kwa sababu hatua zinazofuata haziwezekani bila hiyo. Lakini yapo mapambano ambayo hayarekebishiki. Sheria humruhusu mchezaji aliyebakiwa na chini ya dakika 5 aache kuandika, isipokuwa pale anapoongezewa sekunde 30 au zaidi kwa kila hatua. Kwa hiyo mapambano mengi yana mwanzo na katikati bila mwisho. Hayo niliyaacha yalivyo, na maelezo mafupi kwamba hatua za mwisho hazikuandikwa.

La nne ni mapacha. Pambano moja huletwa na karatasi mbili, ya mweupe na ya mweusi, na wanafunzi wawili wenye bidii huziingiza zote mbili. Mshindi anapata ushindi mara mbili, na aliyeshindwa anashindwa mara mbili. Programu huwatambua mapacha wengi na kutaka kumfuta mmoja, lakini nashauri usifute kabla ya kulinganisha. Mara kadhaa nilikuta karatasi ya mweupe imekatika kwenye hatua ya 31, ilhali ya mweusi inafika ya 40. Ukimfuta pacha asiyefaa, umefuta mwisho wa pambano.

Isidhaniwe kwamba uchafu wa namna hii ni wa mashule maskini pekee. Katika mashindano makubwa ya dunia hutumiwa vibao vya elektroniki vinavyorekodi hatua zenyewe. Pambano likiisha, wachezaji huwa na desturi ya kuwaweka wafalme katikati ya kibao ili kumjulisha mwamuzi matokeo. Kibao, kisichojua desturi, hurekodi tendo hilo kuwa hatua. Ndiyo maana katika hazina za kimataifa utakuta mabingwa wakubwa wakimpeleka mfalme katikati ya uwanja wa vita bila sababu yoyote. Kumbe mtu alikuwa amekwisha kushindwa, na alikuwa akijiandaa kumpa mwenzake mkono!

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya. Habari za usafishaji wangu zilipoenea, nilianza kupokea wageni. Mvulana mmoja, mchezaji hodari, alinijia faraghani akaniomba niliondoe pambano alilofungwa kwa hatua nne alipokuwa kidato cha kwanza. "Mwalimu, hilo ni takataka tu," alisema, "si unasafisha?" Mwingine alitaka hatua yake moja ya kijinga ibadilishwe iwe ile aliyokuwa ameikusudia. Na mimi mwenyewe, sitaficha, nilipolifikia pambano ambalo mwanafunzi wangu aliniteka malkia kwa farasi kisha akanishinda mbele ya chama kizima, nilijiuliza kama karatasi ile haikustahili kuwa miongoni mwa zile zilizoliwa na mchwa.

Niliwajibu wale vijana, na nikajijibu mwenyewe, kwamba kusafisha si kupamba. Tunaondoa kosa la mwandishi, hatuondoi kosa la mchezaji. Kosa la mwandishi ni vumbi lililoangukia juu ya ukweli. Kosa la mchezaji ni sehemu ya ukweli wenyewe, tena ndiyo sehemu yenye mafunzo. Mvulana yule akiwa bingwa kesho, mtoto wa kidato cha kwanza atakayeliona pambano lile la hatua nne atapata moyo kuliko atakavyoupata kwa kuona ushindi wake wote.

Hata wakubwa wamejaribiwa. Alexander Alekhine, aliyekuwa bingwa wa dunia, alichapisha katika kitabu chake pambano la ajabu lenye malkia watano kibaoni kwa wakati mmoja, likidaiwa kuchezwa Moscow mwaka 1915 dhidi ya Grigoriev. Baadaye watafiti walionyesha kwamba mfululizo ule wa hatua ulikuwa uchambuzi wa yale ambayo yangeweza kutokea, si pambano lililochezwa. Alekhine hakuhitaji pambo lile, kwani alikuwa bingwa bila hilo. Na hadi leo pambano hilo lingali likinakiliwa kutoka hazina moja hadi nyingine. Pambo likishaingia katika kumbukumbu, kuling'oa ni shida kuliko kung'oa jino la gego.

Najua wapo watakaosema, "Mwalimu huyu hana kazi. Sataranji ni mchezo tu, na kata yake haina hata maji ya kutosha." Sikubaliani nao, na nitasema kwa nini.

Isiolo ni mji unaojua maana ya daftari la mtu mwingine. Zama za ukoloni mji huu ulikuwa makao makuu ya utawala wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na watu wa maeneo haya waliandikwa, wakahesabiwa na kuwekewa mipaka na watu wasiojua hata kuyatamka majina yao. Baada ya uhuru, kwa miongo mingi, mkazi wa Kaskazini alilazimika kupita mbele ya kamati ya uchunguzi kabla ya kupata kitambulisho ambacho Wakenya wengine walikipata bila kusailiwa hivyo. Ni nani hapa asiyemjua mtu ambaye jina lake katika cheti cha kuzaliwa halikulingana na lile la cheti cha shule, naye akahangaika kati ya ofisi na ofisi kwa ajili ya herufi moja? Mtoto anayemwona mwalimu wake akiliuliza jina lake, akiliandika sawasawa na kumsomea tena alithibitishe, anajifunza haki yake. Na yule anayemwona mwalimu akisema "kompyuta haisemi uongo" anajifunza kunyamaza.

Isitoshe, kazi hii ni somo kamili. Mwanafunzi anayesafisha kumbukumbu za sataranji anajifunza kutilia shaka, kulinganisha ushahidi wa pande mbili, kutofautisha analolijua na analolidhania, na kukiri pengo badala ya kulijaza kwa uongo. Huo ndio msingi wa sayansi na wa historia. Kibao cha sataranji na kompyuta moja kuukuu vyaweza kuufundisha kuliko mihadhara yangu mingi.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu wanaosimamia vyama hivi, Isiolo na kwingineko, wazingatie mambo machache. Kabla ya kusafisha, fanyeni nakala ya kumbukumbu zilivyo na muiweke kando, ili mkikosea muweze kurudi. Karatasi za asili zisitupwe hata baada ya kuingizwa katika kompyuta, maana hizo ndizo shahidi. Kila badiliko liandikwe: nani amelifanya, lini, na kwa sababu gani. Mpeni kila mchezaji nambari, na jina lake aliseme mwenyewe. Orodha ya muhula ibandikwe ukutani siku kadhaa kabla ya timu kuteuliwa, ili mwenye malalamiko asikilizwe kabla mlango haujafungwa. Hilo la mwisho nalisema kwa uchungu, kwa kuwa lingetekelezwa mapema, msichana wa kidato cha pili angepanda gari pamoja na wenzake.

Nanyi wanafunzi, msimwachie mwalimu kila kitu. Andikeni hatua zenu kwa mwandiko unaosomeka, na nakilini mapambano yenu katika daftari zenu wenyewe. Binti yule aliweza kuisahihisha kompyuta ya shule kwa sababu alikuwa na daftari la mazoezi alilolinunua kwa fedha zake. Asingekuwa nalo, lingekuwa neno lake dhidi ya mashine, na nimekwisha kuwaambia mimi nilikuwa upande wa nani.

Nimeahidi kulirudia lile pambano la kumi na nne. Nilipomaliza kuunganisha kurasa zake tatu, nilimwita nikamwomba radhi mbele ya chama kizima, kisha nikamwonyesha kwamba ana ushindi 14. Aliutazama uso wa kompyuta kwa muda, akafungua daftari lake, akasema, "La, Mwalimu. Hili la raundi ya tatu nilishindwa. Aliyeandika alikosea upande." Tukatafuta karatasi ya asili, tukaipanga kete hatua kwa hatua, na kweli, mfalme wake ndiye aliyezingirwa. Nilirekebisha matokeo yakawa ushindi wa mwenzake, na yeye akabaki na 13.

Muhula uliofuata nilimkabidhi ufunguo wa kabati la karatasi. Tangu wakati huo hakuna jina linaloingia katika kumbukumbu zetu kabla hajaliuliza kwa mwenyewe, na lile pambano nililonyang'anywa malkia limo ndani, pamoja na hatua zake zote 27, jina langu likiwa limeandikwa sawasawa.